Herufi Mbili

Jumanne Bi Mwanakombo alinipigia akiwa ndani ya basi,
barabara ya Foleshill, Coventry, mvua ikipiga vioo.
Hakunisalimu.
"Nimefungua orodha yetu ya marehemu," alisema,
"nimwonyeshe mjukuu jina la babu yake.
Unajua simu imeandika nini?
Imeandika Mbwa."

Mbwana Shekue, fundi wa magari,
tuliyemzika Februari ardhi ikiwa ngumu kama kigae.
Kioo cha simu kilimkata shingoni,
herufi mbili zikabaki nje, gizani,
upande wa kulia ambako kidole hakifiki.

Tovuti ya chama cha kuzikana ilishonwa na Salehe Mntambo
zama za kompyuta nene za mezani:
koti pana la mtu mpana.
Salehe yuko Calgary siku hizi, hapokei simu,
nasi tumebaki tunaburuza pindo lake mitaani.

Ijumaa usiku, watoto wamelala,
nikafuta maganda ya vitunguu mezani, nikaweka kompyuta.
Mkono uliniwasha: badilisha, leo, sasa hivi.
Sura mpya zilijipanga kama viatu dirishani,
zote zinameremeta, zote zinaahidi.
Lakini nimewahi kuunguza chungu kwa pupa,
na hawa arobaini na mmoja hawana daftari jingine.
Lililokuwepo lililiwa na bomba lililopasuka.

Usitupe mbachao, nikajiambia.
Kwanza nakala: majina, picha, michango,
hadi zile pauni tano tano za mwaka wa Korona.
Moja kwenye diski, moja kwenye kijiti
nilichokifunga lesoni, nyuma ya kopo la sukari.
Kisha nikaifungua nione kama inafunguka kweli,
maana kibindo kilichotoboka si kibindo.

Halafu nikajenga pacha wa tovuti,
mlango nikaufunga kwa neno la siri
asije mfiwa akaingia akamkuta fundi juu ya ngazi.
Humo ndimo nilimoivika sura mpya.

Ukurasa ukawa mweupe.
Mweupe pepepe. Hakuna jina, hakuna picha,
hakuna hata kosa lililoandikwa.
Nilisikia jokofu likinguruma.
Nikakumbuka huyu ni pacha tu; kule nje
Mbwana bado ni Mbwa, lakini yupo.
Nikazima viraka vya Salehe kimoja kimoja,
cha kalenda, cha saa, cha mshumaa unaowakawaka.
Mshumaa ulipozimika, ukurasa ukarudi.

Nikachukua simu ya binti yangu, ile yenye ufa.
Majina yalisimama, makubwa, yanasomeka bila miwani.
Nikashuka kwa kidole gumba, polepole, hadi M.

Mbwa
na
Shekue.

Nilicheka nikaziba mdomo kwa kiganja.
Sasa walikuwa wawili.
Kisha kicheko kikaniishia, nikaona basi,
mtoto anasoma kwa sauti, bibi anatazama nje.

Saa tisa na nusu nilikuwa bado napunguza herufi,
natanua nafasi, nafuta, narudia,
hadi nilipopata mstari mmoja mfupi
unaoiambia mashine: jina la mtu halivunjwi.

Jumapili alfajiri, saa ambayo hakuna asomaye habari za msiba,
nikaihamishia nje.
Nikaikagua kwenye simu tatu, kubwa, ndogo, na ya jirani.
Sura ya zamani sikuifuta. Imekunjwa ndani, mwezi mmoja,
nani ajuaye.

Bi Mwanakombo hakupiga.
Jumanne alituma picha: kioo cha simu yake,
ukucha wenye hina pembeni, dirisha la basi lenye ukungu,
na katikati, bila mkato, Mbwana Shekue.
Chini yake aliandika:
"Kijani hiki umekichagua wewe?"